Gitaa la Fundi wa Vitanda

Fundi wa vitanda wa Bondeni ana sifa moja: vitanda vyake havipigi kelele, hata vikinunuliwa na maharusi. Kila ubao huugonga kwa kidole, polepole, kama mtu anayebisha kwa wakwe, kisha huutegea sikio. Kazi ikiisha hukikalia kitanda, akajitikisa huku na huku, uso umekunjamana, akitafuta mlio. Kwa hiyo Kigen, mpiga besi wa kanisa, aliyemletea mbao za mukima kutoka shambani kwao Keringet amchongee gitaa la besi la stima, hakupaswa kushangaa alipokuja kulichukua akalikuta limelazwa juu ya stuli mbili, fundi amelikalia.

“Mzee, hiyo si kitanda.”

“Najua. Lakini hakuna kitu inatoka hapa bila kukaliwa.”

Mti ulivumilia. Fundi akainuka, akalipangusa gitaa kwa kofia yake, akamkabidhi Kigen kwa mikono miwili. Kigen akachomeka waya kwenye spika, akagusa uzi mnene kabisa. Misumari ikacheza mkebeni, vioo vya dirisha vikatetemeka, naye akacheka kwa furaha.

Fundi akainamisha kichwa kwa aibu, akachukua bisibisi. “Nilijua tu kuna mahali sijakaza. Lete.”