Siku Nilipomnyoa Baba

Mpaka leo nikinusa spiriti na sabuni ya kipande vikichanganyika, mabega yangu yanapanda yenyewe kabla akili haijauliza kuna nini. Ndiyo harufu ya kibaraza cha baba yangu, kule Kaloleni ya Arusha, hatua chache kutoka uwanja wa mpira, alikonyolea watu kwa wembe wa kukunja tangu kabla sijazaliwa. Palikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mto wa kuegemeza kichwa, kioo kilichopasuka pembeni, beseni la bati, brashi ya manyoya, kipande cha shabu cha kuzuia damu, na kwenye msumari ulining'inia mkanda wa ngozi ya ng'ombe wa kunolea wembe, wenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Watu wakisikia nimelelewa na kinyozi hudhani mkanda ule ndio uliokuwa ukitupiga. Thubutu. Mkanda ule haukuwahi kumgusa mtu hata siku moja, kwa sababu ngozi ikipinda au ikiingia jasho inaharibu makali. Sisi alitupiga kwa mpira wa baiskeli, kwa kiatu, kwa birika, kwa chochote kilichokuwa karibu, kisha anarudi kuupaka mkanda wake mafuta kwa vidole vya taratibu, kama anambembeleza mtoto mchanga. Katika nyumba yetu ngozi ya ng'ombe ilikuwa na heshima kuliko ngozi ya mama. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wao wa pekee.

Baba alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi, msafi, mwenye sauti ya chini ambayo wateja waliipenda. Wote walimwita Fundi. Mama alikuwa Mmeru, binti wa mzee wa kanisa mwenye kahawa na migomba huko juu mlimani. Alibadili dini ili aolewe, na siku anaondoka babu alimwambia kwamba njia ya kushuka ameiona mwenyewe, ya kupanda asiitafute. Kwa hiyo mama hakuwa na pa kwenda. Tulipanga chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kwenye nyumba ya wapangaji sita, na kuta zilikuwa nyembamba mno hata kukohoa kwa jirani tulikujua ni kwa nani. Kila mtu alisikia. Asubuhi yake wanawake walimsalimia mama bombani bila kumtazama usoni, na mwenye nyumba, bibi mmoja mcha Mungu, alikuwa na neno lake moja: ya ndoa hayaingiliwi. Nilimchukia bibi yule kuliko nilivyomchukia baba, na sijaacha.

Baba hakujaliwa mtoto wa kiume, na vijana waliokuja kujifunza kazi walimkimbia mmoja mmoja kwa sababu ya mkono wake. Hivyo majira ya baridi ya mwaka ule, wakati ukungu wa Meru unashuka mpaka barabarani na watu wanatembea wamejifunga mashuka, akanifundisha mimi kunoa. Mtoto akililia wembe mpe, wateja walitania. Mimi sikuulilia, niliwekewa mkononi. Alikuwa na nyembe tatu zenye mipini myeusi, na kila mmoja ulikuwa na siku zake za kupumzika, maana alisema chuma nacho kinachoka. Kwanza ni kinoo: unakilowesha maji, unaulaza wembe ubapa, mgongo na makali vyote viguse jiwe, kisha unausukuma makali yakitangulia, kama unataka kubandua utando juu ya maziwa. Halafu ni mkanda, na hapo ndipo kila anayeanza anapoumbuka, kwa sababu kwenye ngozi mambo yanageuka: mgongo unatangulia na makali yanafuata nyuma. Siku ya pili nilisahau. Nikausukuma wembe kwenye mkanda kama nilivyousukuma kwenye jiwe, na nikaisikia ngozi ikifunguka, mpasuko wa urefu wa kidole. Baba aliufuta wembe, akaukunja, akauweka kwenye boksi lake, ndipo akaenda kuchukua mpira wa baiskeli. Alinipiga mpaka nikajikojolea mbele ya mteja aliyekuwa na povu mashavuni, na mteja yule, mtu mzima na akili zake, alichosema ni kwamba mtoto bila fimbo hafundishiki. Kesho yake nilirudi kunoa nimesimama, maana kukaa nilikuwa siwezi.

Nilijifunza. Nani kasema kipigo hakifundishi. Tatizo ni kwamba kinafundisha na mengine. Nilijua kwamba ukizidisha jiwe unapata makali ya uongo, utepe mwembamba wa chuma unaong'aa, unaokata unywele vizuri kisha unavunjikia kwenye shavu la mtu na kumchana. Nilijua kuukausha wembe kwa kitambaa mpaka kwenye kiungo chake na kuupaka mafuta kidogo, kwani kutu ikishaanza haishauriwi. Akanifundisha na kunyoa, kwanza povu tupu juu ya chupa, halafu vinyweleo vya mguu wake mwenyewe. Neno lake kubwa lilikuwa hili: wembe ukilala unanyoa, ukisimama unakata. Na aliweza kulisoma jeraha kama mwalimu anavyosoma daftari. Mteja akija amekatwa kwingine, baba alimtazama mara moja tu na kuniambia, huyu alinyolewa na mkono unaotetemeka, unaona mstari umepinda. Huyu kinyozi wake alikuwa na haraka. Huyu wembe ulikuwa butu, umetafuna badala ya kukata. Hakukosea. Kazi yake aliijua, na hilo sitamnyima.

Ilikuwa wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Vitu tulivyokuwa tukivisikia kwenye masimulizi vilianza kumwagika barabarani: mitumba, redio kaseti, sabuni za kunukia, na nyembe za plastiki za kutumia na kutupa zilizopitia mpaka wa Namanga. Ng'ambo ya barabara kijana mmoja wa Moshi akafungua saluni yenye mashine ya umeme, vichwa vya mitindo vimechorwa ukutani, muziki tangu asubuhi. Juu ya hayo ukaja ule ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kunong'ona, na wateja wa miaka wakaanza kuutazama wembe wa baba kama wanatazama nyoka. Aliuchovya kwenye spiriti mbele ya macho yao, mara mbili, mara tatu, wapi. Ukiona cha mwenzako chanyolewa, chako tia maji, wahenga wamesema, lakini baba yangu hakuwa mtu wa kutia maji. Kila mteja aliyevuka barabara kwenda kwa kijana wa Moshi, aliyeadhibiwa ni mama. Ilifika mahali nikiwa kibarazani nawahesabu wanaovuka, najua jioni itakuwaje.

Siku moja adhuhuri alikuja mwalimu mstaafu, mteja wake wa zamani sana. Akaketi, kisha akatoa mfukoni kiwembe kipya kikiwa bado kwenye karatasi yake na kuomba anyolewe kwa hicho. "Usinielewe vibaya, Fundi," alisema. Baba alimnyoa. Alimnyoa vizuri, kwa sauti yake ile ya chini, akamsindikiza mpaka barabarani. Halafu akafunga kazi tukarudi nyumbani. Mama alikuwa anapakua chakula. Alipoona tumewahi aliuliza, akaambiwa, na akasema jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelisema.

"Si na wewe ununue mashine, Baba Zaina?"

Birika lilimpata sikioni, na sikio lile halijasikia tena mpaka leo. Aliangukia masufuria, maharage yakamwagika, baba akamvuta kwa nywele hadi mlangoni na kumpiga teke la ubavuni, nikasikia ndani yake kitu kikilia kama ukuni mkavu unaovunjwa gotini. Mimi nilikuwa nimeung'ang'ania mguu wa baba; akanirusha nikagonga kitanda. Kisha akakunja ngumi ya kulia, akairudisha nyuma kabisa, na mama, kwa jicho moja lililobaki wazi, akakwepesha kichwa. Ngumi ikapiga mwimo wa mlango. Baba alitoa ukelele uliosikika uani kote, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale, wapangaji walikuja mbio. Walikuja kumpeleka yeye hospitali.

Alirudi jioni na plasta ngumu kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Wiki sita, daktari alimwambia. Mama alikuwa amelala upande mmoja, kifua kimefungwa kanga, anavuta pumzi fupi fupi. Baba akaketi ukingoni mwa kitanda na kumwambia kwa upole kabisa, "Plasta ikitoka, tutamalizia." Hakuwa mtu wa utani. Nililala nikihesabu: wiki sita ni siku arobaini na mbili. Nilijua kama ninavyolijua jina langu kwamba siku ya arobaini na tatu mama yangu atakufa, kwamba wapangaji watasikia, na kwamba bibi mwenye nyumba atakuwa wa kwanza kuleta udi msibani.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Baba alijishika kidevu mbele ya kioo. Kinyozi hajinyoi, na kwa mkono wa kushoto ndiyo kabisa. Kwenda kwa kijana wa Moshi heri angekufa, na kinyozi wa kukaa kibarazani na ndevu za siku nne angekuwa kichekesho cha Kaloleni nzima. Akaniita.

"Utaninyoa wewe. Na Jumatatu utaanza na wateja," alisema. Akaketi karibu na dirisha, taulo shingoni. "Ukinikata, Zaina, nakuua kwa huu wa kushoto."

Nilifanya yote alivyonifundisha. Nilichemsha maji, nikampaka povu kwa brashi kwa kuzungusha, nikaupitisha wembe kwenye mkanda mara thelathini, mgongo ukitangulia. Nikavuta ngozi ya shavu kwa mkono wa kushoto, nikaulaza wembe, nikashuka. Ulipita na sauti ndogo kama ya karatasi. Shavu moja, shavu la pili, juu ya mdomo. Mkono wangu ulikuwa mtulivu kuliko siku yoyote, sijui utulivu ule ulitoka wapi. Nikamwinua kidevu. Chini ya taya, ndani ya povu, niliuona mshipa ukipigapiga, na hapo nikasimama. Nyuma yangu pazia lilisogea. Mama alikuwa amejikokota mpaka pale, na alichokiona mgongoni kwangu sikijui, kwa sababu sikuwa nimesema lolote.

"Zaina," alisema, "hapana, mwanangu."

Baba akafungua macho. Nikausimamisha wembe. Hakuna mtu Arusha nzima aliyeujua mkao ule kuliko yeye.

"Plasta ikitoka, utafanya nini, baba?"

Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, likashuka mpaka kwenye povu. Nikamuuliza tena, polepole, kwa sauti yake mwenyewe ile ya chini.

"Sifanyi kitu," alisema, bila kutikisa koo.

Ndipo nikamkata. Si penye mshipa; kando yake kidogo, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Alikuwa ameshajibu, na nilimkata hivyo hivyo. Damu ikaingia kwenye povu, ikashuka kifuani. Mama akajiziba mdomo. Mimi nikaulaza wembe, nikamalizia koo lote, nikamfuta kwa kitambaa cha moto na kuisugua shabu kwenye jeraha mpaka likaacha kutoka damu. Hakunyanyua mkono wowote. Aliomba kioo kidogo, akalitazama jeraha kwa muda mrefu, na mimi nikamwona akilisoma. Mstari ulikuwa umenyooka. Alinirudishia kioo, akavaa kanzu yake, akaenda msikitini.

Nilinyoa wateja wiki zote zilizobaki, nikiwa nimesimama juu ya sanduku la soda. Plasta ilitoka siku yake. Jioni ile mama alipika sufuria likigongana na mafiga, na baba alikula, akanawa, akalala. Ikapita siku, ukapita mwezi. Hakumpiga tena, wala mimi, na baadaye hakuna aliyemsikia akipaza sauti. Mwaka uliofuata alinunua mashine. Uani walisema Fundi ametulia, na bibi mwenye nyumba akasema ni dua zake.

Leo Arusha ina saluni kila kona, vijana wanakandwa mashavu kwa taulo za moto na kupakwa manukato, na mtoto wa miaka kumi na mmoja hawezi kujua kinoo ni kitu gani. Siku hizi kuna dawati polisi la kusikiliza wanawake waliopigwa. Hata majirani, baadhi yao, wamejifunza kugonga mlango. Ningekuwa na hayo nisingeushika wembe vile, na sijivunii. Ninaishi Kisongo na wazazi wangu wote wawili wako kwangu. Mama ana sauti kubwa kwa sababu ya sikio lile, anacheka mpaka ng'ambo wanasikia, anamtuma baba chumvi na baba anaileta. Wanangu wanampenda babu yao mpole. Wageni wananiambia nina bahati, wazee wa zamani walikuwa na hekima.

Juzi mama alinishika mkono jikoni. "Mwambie baba yako yamekwisha," aliniambia. "Mzee asife na woga." Nilimwelewa. Kila asubuhi mimi ndiye ninayempelekea uji. Nikiingia tu, anakaa wima na kuweka viganja vyote viwili juu ya magoti, mahali ninapoviona. Namwamkia shikamoo, anaitikia haraka marahaba, na kikombe hakigusi mpaka niwe nimetoka. Maneno ninayo, nimeyapanga vizuri, ni machache. Nasimama mbele yake nikiyashika mdomoni. Halafu namwona anavyoogopa, roho yangu inatulia, na ninatoka sijayasema.