Kijana Tuliyemsindikiza Mno

Kabla sijafika kwenye habari yenyewe, niruhusuni nianze mbali kidogo, maana akili yangu haijawahi kujua kwenda moja kwa moja. Nilipofika Durban, bado nina nguvu na meno yote, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga samaki kwenye ghala moja la baridi upande wa Bluff. Mlango wa ghala lile ulikuwa mnene kama godoro, na kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo ukiwa ndani lazima aliye nje akufungulie. Siku moja niko nyuma ya makasha, mwenzangu akapita, akaona mlango uko wazi, akausukuma. Nikapiga kelele, nikagonga kwa ngumi, nikavua kiatu nikagonga nacho, sauti ikawa inanirudia mwenyewe. Ndevu zikaanza kuganda. Waliponifungua, yule mwenzangu alikuwa analia kunishinda mimi. "Nilikuwa natunza samaki, kaka," akasema. "Niliona baridi inatoka." Na kweli hakuwa na ubaya wowote, samaki walikuwa salama kabisa. Mama mmoja wa Kizulu aliyekuwa akifagia pale akanipa kikombe cha maji ya moto, matupu, maana majani na sukari vilikuwa vimekwisha. "Phuza, baba," akaniambia, yaani kunywa. Nikanywa. Hadi leo naweza kukuonyesha kwa kidole yale maji yalipita wapi na wapi.

Basi tangu hapo sikuwahi kumwona mtu mzima wa afya anakunywa maji ya moto matupu kwa hiari yake, mpaka alipotokea kijana mmoja kwenye duka la simu kule Berea, ambalo mlangoni pake nimeweka benchi langu la kushonea viatu. Duka ni la mjomba wake, Mkongo, mtu wa kanisa na mwenye sauti kubwa. Kijana alikuwa ametoka China, mwaka ule ule wa Kombe la Dunia, vuvuzela bado zinalia mitaani. Chuo chake cha hapa kilikuwa kimempeleka huko mwaka mzima, kwa ule mpango wa kubadilishana wanafunzi, na alirudi na chupa nyekundu ya chai yenye maua, ndani yake hamna chai. Nikamuuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Akacheka. "Hapana, mzee. Huko ndivyo tunavyokunywa." Nikamhadithia habari ya ghala. Kuanzia siku ile, kila akimimina na mimi ananimiminia.

Ndiye ninayeandika habari zake leo. Amefariki, huko huko China alikokuja kurudi, kwa maradhi yaliyomkamata ghafla. Simu iliita dukani asubuhi, wateja wamejaa. Mjomba akapokea, akasikia Kichina, akafanya alivyozoea: akageuza shingo kuelekea kiti cha nyuma ili amwite kijana aje kuongea. Kiti kilikuwa na maboksi. Ilibidi sauti ya upande wa pili itafute Kiswahili chake yenyewe, kile kidogo ilichofundishwa na kijana bwenini. "Mjomba. Mimi rafiki. Pole sana. Yeye lala. Hapana amka." Mjomba akaketi juu ya kasha la chaja, na simu sikioni, akawa anajibu "asante, asante."

Huyo rafiki namfahamu, ingawa sijamwona hata kwa picha, maana kijana alikuwa akiniletea habari zake kila mchana. Alinieleza maisha ya kule mpaka nikaona kama nilisoma naye, mimi ambaye shule niliiacha darasa la tatu. Asubuhi wanapanga foleni ya maji ya moto, kila mtu na chupa yake. Mchana wanafunzi wanalaza vichwa juu ya madawati na kusinzia, mwalimu naye anasinzia, wala hakuna anayeona aibu. Wiki za kwanza hakuwa na mtu. Watu walimpiga picha sokoni, wakamgusa nywele, wakaenda zao. Kisha huyo mwenzake akaja chumbani kumwomba amsaidie Kiingereza. Alipoaga, kijana wetu akafanya kama alivyolelewa, akamsindikiza, tena siyo mpaka mlangoni kama watu wavivu. Akavuka naye uwanja wa mpira wa kikapu mpaka bweni la Wachina. Kumbe na wale nao hawaachi mgeni arudi peke yake! Mwenzake akageuka, akamsindikiza mpaka bweni la wageni. Kijana akaona ni aibu, naye akamrudisha. Wakaenda, wakarudi, baridi inakata masikio, kila mmoja anasubiri mwenzake aridhike. Bibi mlinzi wa lango, aliyekuwa akifuma sweta na kuwaangalia, uvumilivu ukamwisha. Akatoka na sindano zake mkononi, akawaambia, "Mmoja wenu akubali kukosa adabu, ama sivyo nyote wawili mtalala nje!" Akamsukuma yule Mchina ndani, akafunga lango. Kuanzia hapo wakawa ndugu. Sikukuu ya mwaka mpya alikwenda naye kijijini kwao, na mama wa huko akawa anamjazia bakuli kila akilimaliza, naye analimaliza kwa heshima, mpaka akashindwa kuinuka. Mimi nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Nilicheka kwa sababu hapa kwetu mambo kama hayo yalikuwa bado hayajaanza. Kijana alirudi Durban kuaga tu. Kule walikuwa wamempa nafasi ya kumalizia masomo, na nafasi ya namna hiyo haikai milele. Lakini mjomba alikuwa ameshagundua kwamba mpwa wake anaongea Kichina, na mizigo yote ya duka inatoka kwa Wachina wa jumla. "Iko kontena moja tu," akamwambia. "Ongea na hawa Bachina, kisha unaenda." Likaja jingine. Dada wa saluni akamhitaji kwa habari ya nywele za bandia, mzee wa kanisa kwa habari ya spika. Wote walimpenda, wote walimletea chakula. Alikaa kwenye kile kiti cha nyuma mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, anamimina maji yake na kuangalia mlango. Kule wakamwandikia kwamba watamngojea mara moja ya mwisho.

Siku ya safari alitoka na sanduku lake, na sisi tukatoka naye nusu ya mtaa, nyimbo, maombi, akina mama wamembebea sambusa. Tulipofika kwenye taa za barabarani, ambazo huku tunaziita roboti, simu ya mjomba ikalia. Mchina wa ghala anabisha, anataka kuondoka na mzigo. "Turudi kwanza, dakika kidogo tu," mjomba akasema, sanduku ameshalishika yeye.

"Mjomba, ndege."

"Ndege iko kila siku! Nani atanisemea? Huyu fundi wa viatu?"

"Mimi ninazijua soli tu," nikajibu, watu wakacheka.

Tukageuka wote, tukamsindikiza kurudi dukani, nyimbo zinaendelea. Mzigo ulipatikana. Ndege ilikwenda. Jioni nilimkuta amekaa na sanduku magotini, chupa haijafunguliwa. "Eish, mzee," akaniambia, "mnanipenda vibaya." Akanieleza kwamba kule wamekubali kumsogezea siku kidogo, na hakuna kusogeza tena.

Nimeyafikiria sana maneno yale tangu simu ilipolia. Sisi tuliofika mji huu kila mtu na njia yake, Mkongo, Mrundi, Mtanzania, tumezoea kupoteza watu, kwa hiyo tukimpata mmoja wa kutufaa tunamzunguka. Anayejua sindano tunamfanya daktari wa mtaa, anayejua karatasi tunamfanya wakili, na huyu tukamfanya mdomo. Hakuna aliyemwonea. Mjomba wake sasa hivi hali wala halali, na mimi sitakubali mtu amwite mbaya. Lakini ndiyo ninarudi kwenye lile ghala: aliyenifungia naye hakuwa mbaya, alikuwa anatunza samaki. Ukimpenda mtu, kabla hujafunga mlango angalia kama yumo ndani. Mwingine ukimsikia anagonga polepole, usidhani ameridhika, huenda amechoka tu. Na kuna wakati heshima kubwa unayoweza kumpa mtu ni kukaa ulipo na kumwacha akukosee adabu.

Aliondoka siku ya kawaida, mchana, jua kali. Mjomba yuko ndani anagombana na mteja juu ya kioo cha simu. Kijana akatoka na chupa yake, hana sanduku. Nilikuja kujua baadaye kwamba lilishatangulia mtaa wa Sydenham kwa mwanafunzi mwenzake. "Mzee, kiatu changu tayari?" Kilikuwa tayari. Akakivaa, akakanyaga chini kukipima, akanimiminia maji kwenye kikombe changu. Nikaweka kazi chini nikataka kuinuka, walau nimfikishe kona, kama ninavyofanya kwa yeyote. Akaniwekea mkono begani.

"Kaa, mzee. Leo niache mimi nikose adabu."

Nikamwelewa. Nikakaa.

"Weye!" mjomba akaita kutoka ndani. "Iko Mchina kwenye simu! Kuja umusemeshe!"

Kijana alisikia, nilimwona bega lake linashtuka. Hakugeuka. Akateremka ule mtaa, chupa nyekundu inaning'inia mkononi, akafika kwenye roboti, akavuka.