Changarawe Juu ya Chinsaga

Sipendi changarawe. Nikiingia kwenye boma la mtu na kukuta imemwagwa mlangoni, kabla sijasalimu najiuliza hapo chini palikuwa na shamba la nani. Watu hunisifia maboma yao yalivyo safi na mimi naitikia kwa kichwa tu, maana nikifungua mdomo nitaharibu ziara.

Shamba langu lilikuwa upande wa jikoni katika nyumba ya mama yangu, si mbali na Nyaramba. Lilianzia kwenye mlango wa jikoni na kuishia pale mistari ya majani chai inapoanza. Lilikuwa dogo. Mtu aliyesimama upande mmoja angeweza kuongea na aliye upande wa pili bila kupaza sauti. Mama alinipa mwaka ule nilipoachana na mume wangu na kurudi nyumbani na sanduku moja na vitabu vyangu vya kufundishia. Kwetu mtoto wa kike akirudi hivyo hupewa chai na mahali pa kulala, kisha watu huanza kumhesabia siku. Ardhi ni ya wana wa kiume. Mama hakunihutubia na wala hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Alinipa jembe na kusema, "Lima hapa. Hapa ni pako."

Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo hati pekee niliyokuwa nayo.

Mbele, upande unaoelekea njia, tulipanda maua: dalia nyekundu, waridi moja lenye miiba ya uchokozi, na yale maua ya njano yanayonuka kiasi cha kufukuza wadudu. Mama alikuwa na sababu yake. Alisema mpita njia akiona maua atasifu na kwenda zake, lakini akiona mboga atasimama na kuomba. Basi mboga tulizificha nyuma ya maua: managu, majani ya maboga, vitunguu vya kuonja tu, na chinsaga, ile mboga chungu ambayo vitabu vya shule huiita mgagani. Nilikuwa naingia humo alfajiri kabla ya kwenda shuleni, umande unanilowesha sketi mpaka magotini, na nikifika darasani wanafunzi wananiangalia tope kwenye viatu. Sikujali. Hiyo nusu saa ndiyo iliyonifanya nivumilie siku nzima ya kusahihisha insha.

Msidhani ilikuwa raha tupu. Fuko alipita chini ya vitunguu vyangu na kuviacha vimesimama wima bila mizizi, hivi kwamba nilivimwagilia maji siku mbili nikidhani viko hai. Kuku wa majirani walikuwa wanajua ratiba yangu ya shule kuliko mwalimu mkuu. Na kuna mvua ya mawe ya huku kwetu Nyamira, ambayo haina haya. Inaweza kukupigia kazi ya miezi miwili kwa dakika kumi halafu jua linatoka kana kwamba hakuna aliyekosa.

Lakini chinsaga ya mama ilistahili taabu yote hiyo. Shina lake lilikuwa la zambarau, majani mapana, na uchungu wake ukishapita ulimini unaacha utamu. Mama aliipika kwa siku tatu. Aliichemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaitia kwenye chungu, na kila siku akaiongezea maziwa na kuirudisha motoni kidogo. Watu walitoka Birongo kuja matangani au harusini kwetu na kuuliza kwanza kama chungu kiko. Mbegu zake, nyeusi na ndogo mno, alizihifadhi kwenye kibuyu pamoja na majivu, na yeyote aliyeomba alipewa. Alikuwa akizipima kwa vidole vitatu na kuzifunga kwenye karatasi.

Mama alipofariki nikarithi kibuyu, na nikaacha kugawa. Nasema hivi bila kujipamba. Niliona wanawake wanauza chinsaga yetu sokoni Nyaramba bila hata kutaja ilikotoka, nikakasirika, na kuanzia hapo aliyeniomba mbegu nilimwambia zimeisha. Jirani yangu wa upande wa chini, mjane mwenye ulimi mwepesi, alikuja mara mbili na mara mbili nikamwambia zimeisha huku kibuyu kinaning'inia juu ya kichwa changu. Muda mfupi baadaye nilikuta mashina manne ya pembeni yamekatwa maganda yake yote ya mbegu. Nilisimama kwenye ua nikamtukana mwizi kwa sauti ya kufika mtoni. Sikumtaja mtu jina, lakini nilitazama upande wa chini.

Mwaka uliofuata mvua ya mawe ilipiga chinsaga ikiwa changa. Sikuwa na subira. Nilimwaga kibuyu chote, mbegu zote zilizobaki, nikapanda upya. Zikashika. Zikakua mpaka kifuani, nikachuma, nikaacha mistari miwili nzima ya kutoa mbegu. Maganda yalikuwa yameanza kugeuka njano. Zilibaki kama wiki mbili niyavune kabla hayajapasuka.

Hapo ndipo mdogo wangu alipopiga simu. Ninaye ndugu mmoja tu, na nikiwa msichana nilimbeba mgongoni nikimsaidia mama kulima hapo hapo. Anaishi Nakuru na ana gari la kumtosha yeye na watu wa kumtazama. Binti yake alikuwa amepata mchumba na wakwe walikuwa wanakuja kutoka Suneka kuleta mahari. Alisema wageni watakuja na magari na boma letu halina mahali pa kuegesha. Nikamwambia tutaongea akifika, na nikarudi kwenye insha zangu.

Hakungoja tuongee. Siku ya Alhamisi nilitoka shuleni nikaona alama za magurudumu mapana kwenye njia yetu. Nikajua. Miguu yangu ilijua kabla yangu, maana nilianza kukimbia, mwanamke wa umri wangu na kikapu cha madaftari. Lori lilikuwa limeshaondoka. Dalia hazikuwepo. Waridi halikuwepo. Kuanzia mlango wa jikoni mpaka kwenye majani chai palikuwa pameenea changarawe nyekundu, imesawazishwa na kushindiliwa vizuri, na mdogo wangu alikuwa amesimama katikati akiipima kwa hatua.

"Dada, umeona?" alisema. "Magari sita yanaingia bila shida."

Nilimwuliza chinsaga iko wapi. Alionyesha chini kwa kidole.

"Ilikuwa imeshakauka," alisema. "Ilikuwa inaharibu sura ya boma. Ni mboga tu, nitakununulia kwa soko."

"Ilikuwa mbegu. Ni mbegu ya mama. Hakuna nyingine."

"Wewe unapigana na mimi juu ya mboga, na mtoto anaolewa?"

Nikamwambia alipaswa kuniuliza, shamba ni langu. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Aliniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtu anayemsomesha mtoto mzito kuelewa, na akasema, "Dada, kwani hapa ni kwako?"

Nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja kioo cha gari lake, lakini ukiuliza ukoo mzima watakwambia hapo si kwangu. Mama hakuacha karatasi. Niliingia jikoni nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia la mahindi, na nikalia kwa hasira mpaka nikasikia njaa.

Kesho yake mke wake alikuja kunibembeleza nipike chinsaga ya wageni. Kwetu ukileta mahari ukala kuku na obokima, ule ugali wa wimbi, bila chinsaga, utarudi kwenu na kusema hukupokelewa. Nikamwambia apike mwenyewe, na aanze leo, kwa maana chungu kinataka siku tatu na wageni wanakuja Jumapili. Akanunua magunia mawili sokoni. Lakini chungu sikumpa. Nilimwambia kimepasuka. Ulikuwa uongo, na nikiulizwa leo nitausema tena. Akaichemsha Jumapili asubuhi kwa magadi ili ilainike haraka.

Wageni walikuja na magari matano. Yaliegeshwa juu ya mistari yangu, moja moja, na wanaume wakashuka wakisifu mahali palivyotengenezwa. Pamoja nao alikuwa nyanya wa bwana harusi, omong'ina, yaani bibi kizee, mfupi mwenye leso mbili, ambaye kila mtu alimwinamia. Chakula kilipoandaliwa nilikaa karibu naye kwa sababu hakuna aliyenipangia kazi nyingine. Akamega obokima, akachovya kwenye mboga, akatafuna mara mbili, na akaacha.

"Mimi nimekuja hii njia yote nikiambiwa hapa kuna chinsaga," alisema. "Hii ni ya nani?"

Mke wa mdogo wangu alitazama chini. Mdogo wangu alicheka na kusema magadi yamezidi kidogo. Mimi nikainuka, nikamshika omong'ina mkono, nikamwambia aje nimwonyeshe chinsaga ya nyumba hii. Alidhani nampeleka jikoni. Nikampitisha jikoni, nikamtoa kwa mlango wa nyuma, na tukasimama mbele ya magari.

"Ni hii hapa," nilisema. "Chini ya gari lenu."

Alitazama magurudumu. Akatazama ukutani, ambako kulikuwa na shina moja la dalia lililong'olewa na kutupwa. Sikuhitaji kumwambia zaidi, maana amelima maisha yake yote. Nyuma yetu mdogo wangu alikuwa amefika mlangoni na wazee wawili wa upande wao.

"Mmemwaga mawe juu ya mboga?" omong'ina akamwuliza.

"Mama, ni mahali pa kuegesha tu," mdogo wangu alisema. "Kwa heshima yenu."

"Mimi nilikuja kula," alisema, na akamwita mjukuu wake aondoe gari akaliache barabarani. Wengine nao wakaona aibu wakaondoa yao. Mazungumzo ya mahari yaliendelea na yakaisha vizuri, binti yetu yuko kwake na ninamwombea heri, yeye hana kosa. Lakini shangwe ilikuwa imepoa, na mdogo wangu aliondoka Jumatatu bila kunywa chai wala kuniaga. Nilimtazama akigeuza gari juu ya ile changarawe na nikafurahi, furaha mbaya ambayo haikunifikisha jioni. Mbegu bado hazikuwepo.

Nilifukua kwa vidole, kisha kwa panga. Nilipata maganda yaliyosagika na kuchanganyika na kokoto. Basi nikafunga leso nikaanza kupiga hodi kwa watu ambao mama aliwapa mbegu. Nyumba ya kwanza walisema yao ilipotea zamani. Ya pili walisema waliniomba nyingine nikawaambia zimeisha. Ya tatu vile vile, kwa adabu kabisa, huku wananimiminia uji. Hakuna aliyenisema vibaya. Nilikunywa uji huo nikiwa na hasira na mdogo wangu, kisha nikielekea nyumba ya nne nikatambua kwamba hasira imehama na sasa imekaa juu yangu mwenyewe. Kama ningegawa kama mama, lori zima la changarawe lisingemaliza hiyo mbegu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya yule mjane wa upande wa chini. Nilisimama langoni kwa muda mrefu. Alinikuta hapo akitoka kukata nyasi.

Nikamwambia nilichotaka. Akaweka mzigo wake chini.

"Mwalimu, nikikwambia utakasirika."

"Nimeshakasirika. Sema."

Aliingia ndani akarudi na kopo la majani chai. Ndani mlikuwa na majivu, na ndani ya majivu mlikuwa na mbegu nyeusi, ndogo mno.

"Hii niliiba kwako," alisema. "Nilikuomba vizuri mara mbili na ukaninyima, na kibuyu nilikiona. Halafu ukanitukana mpaka mtoni."

Nilikuwa na hasira naye bado, Mungu anajua. Alimwaga mbegu kwenye ukurasa wa daftari, akazigawa kwa kidole chake, akakunja fungu moja.

"Chukua nusu. Nusu naiweka, maana wewe sikuamini."

Nikasema asante.

Sehemu ya kuzipanda nilikuwa nayo, nisubiri ruhusa au nisisubiri. Jumamosi nilikwenda ibadani, maana sisi ni Wasabato, na Jumapili asubuhi nikachukua jembe la mama nikasimama mlangoni mwa jikoni. Changarawe iliyoshindiliwa inarudisha jembe mkononi. Nilipiga, nikaokota mawe, nikayatupa kando ya njia, nikapiga tena. Mpaka saa sita nilikuwa nimefungua mstari mmoja na nusu, viganja vimetoka malengelenge, na udongo wa chini, mweusi kama nilivyouacha, umeanza kuonekana. Ndipo simu ikalia. Kuna mtu alikuwa amemfikishia habari Nakuru.

"Dada, nasikia unachimba mahali pa magari."

"Ndiyo."

"Nani amekuruhusu?" Kisha, polepole, kwa ile huruma yake, "Kwani hapo ni kwako?"

"Ni kwangu," nilisema. "Ukija, gari liache barabarani."

Nikakata simu, nikaiweka dirishani, nikarudi kwenye mstari wa pili.