Saladi ya Baridi Iliyomfungua Mzee Kinywa

Julai hii baridi ilishuka Kosele mpaka kuku wakakataa kutoka nje. Mzee wangu naye akakataa kula. Daktari alikuwa amempunguzia chumvi na nyama kwa sababu ya presha, na tangu hapo kila sahani niliyomwekea aliisukuma kwa kidole kama kitu kimekufa. Suruali ikaanza kumteleza. Mwanamume niliyempikia tangu nikiwa msichana, sasa mbavu zake naziona zote nikimwogesha. Niliogopa. Sikumwambia, lakini niliogopa.

Ndipo mjukuu wetu, yule anayesomea mapishi ya hoteli huko Migori, akaja likizo. Mtoto ana mikono, huyo. Sitasema uongo, ameitoa kwangu. Alimtazama babu yake mara moja tu, akaingia shambani, akachuma sukuma wiki changa, akaikata nyembamba na kuikanda kwa maji ya limau kama mtu anafua soksi. Akaongeza boga la kuchoma, maharagwe ya kuchemsha, vipande vya nanasi na njugu.

"Na moto?" nikamuuliza.

"Hakuna moto, Dani," akajibu, akiniita bibi kwa lugha yetu. "Hii ni saladi. Tunaiacha ikae, majani yalainike. Ningekuwa na jibini ningeweka juu, lakini Kosele nzima nimekosa."

"Bibi mzima nimlishe bwana yangu majani mabichi? Mbuzi wakisikia watakushtaki."

Akacheka, akabeba mtungi akaenda kuteka maji.

Sasa, kwetu mboga ya majani ikiambiwa ikae, inakaa na maziwa. Osuga, ile mboga chungu, unaichemsha, unaimwagia maziwa, kesho unairudisha motoni tena, mpaka uchungu uishe. Hivyo ndivyo mama alivyonifundisha kule Lambwe nilikozaliwa. Nikaona msichana amesahau nusu ya kazi. Nikamimina bakuli yote kwenye sufuria, boga, nanasi na kila kitu, nikatia maziwa, nikachochea kuni.

Maziwa yakakatika. Mabonge meupe yakaelea kila mahali, mengine yameshikana na sukuma. Mtoto akarudi, akatua mtungi.

"Dani! Umefanya nini?"

"Nimemaliza ulichoanza."

Nilidhani atalia. Badala yake aliinama juu ya sufuria, akachota bonge moja kwa kijiko, akaonja, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Limau ndio imekata maziwa, Dani. Jibini inaanza hivi hivi. Uko na maziwa ingine?"

Nilikuwa nayo. Tukachemsha maziwa peke yake, tukatia limau, tukachuja kwa kitambaa safi, tukaweka jiwe la kusagia juu mpaka ikashikana. Haikuwa na chumvi hata kidogo. Yeye akakanda sukuma nyingine, mimi nikachoma boga jingine. Ya kwanza ilienda kwa kuku.

Mzee alikuwa karibu na moto, blanketi mabegani. Nikamwekea sahani, boga bado likitoa mvuke.

"Nyar Lambwe," akasema. Hivyo ndivyo ananiita, binti wa Lambwe, tangu anipose. "Sasa umeamua mimi ni ng'ombe?"

"Ng'ombe hula bila kelele."

Akachukua jibini kidogo. Akatafuna. Mjukuu akanifinya mkono nisiseme kitu, na mimi kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kulima. Akachukua boga. Akachukua nanasi na majani pamoja. Akapumzika, akapumua, akarudi tena kwenye sahani, mpaka nikasikia kijiko kikigonga sahani tupu.

"Hii nyeupe imebaki?"

"Imebaki."

"Leta." Nilipoileta, akasogea kwenye benchi, akapiga mbao kwa kiganja. "Kaa hapa ule na mimi. Umekonda."

Mimi! Nikakaa.