Saa Moja Kabla ya Uwanja wa Ndege

Meli ya watalii ikifunga gati Kilindini, watu wote hutazama ngazi ya mbele. Huko ndiko washukako abiria na kofia zao za ukindu, ngoma ikipigwa, mabasi yamepangwa kuwapeleka mbugani. Mimi sikuwa na shughuli na hao. Watu wangu walishuka kwa ngazi ya nyuma, mifuko ya turubai begani: wapishi, madobi na watandika vitanda waliomaliza mikataba yao. Nilikuwa karani wa wakala wa meli, umri wangu miaka ishirini na sita, na kazi yangu ilikuwa kumpokea baharia chini ya ngazi, kumpitisha kwa watu wa uhamiaji, kisha kumfikisha uwanja wa ndege arudi kwao. Hapo katikati alikuwa dhamana ya ofisi yetu. Akitoroka, ofisi ilijibu kwa serikali, na karani alijibu kwa ofisi.

Hakuna aliyenitoroka, wala hakuna aliyekosa ndege mikononi mwangu. Nilijivunia jambo hilo kuliko inavyofaa. Kila asubuhi nilivuka feri kutoka Likoni nikiwa na shati jeupe lililopigwa pasi na saa ya mkononi niliyokuwa nikiitazama hata pasipokuwa na haja. Wenzangu ofisini walinitania kwamba siku nikifa nitamwuliza mchimba kaburi mbona amechelewa.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Orodha yangu ilikuwa na jina moja tu, mpishi wa miaka arubaini na kitu, mwenye pasipoti ya Ulaya. Nikamsemesha Kiingereza, naye akanijibu kwa Kimvita kilichonyooka, akaniuliza natoka ng'ambo gani ya kisiwa. Nilifungua tena pasipoti yake. Mahali alipozaliwa paliandikwa Mombasa.

Tulipokuwa tukingoja muhuri wa uhamiaji alinieleza habari zake. Alipanda meli akiwa kijana, akaoa huko, akapata karatasi za huko, na ikawa miaka kumi na tisa hajarudi. Mwanzo hakuwa na ruhusa ya kusafiri. Baadaye aliona haya kurudi mikono mitupu. Mwishowe, alisema, alizoea. Mkataba wake ulikuwa uishie bandari nyingine kabisa, lakini ratiba ya meli ikabadilishwa, naye akaambiwa siku mbili kabla kwamba atashukia Mombasa na kupanda ndege siku hiyo hiyo. Kibali chake kilikuwa cha kupita tu. Ndege ilikuwa ya saa kumi na moja jioni.

Mamake alikuwa hai, akikaa Mji wa Kale, katika nyumba ile ile. Simu hakuwa nayo, kwa hiyo hakujua lolote. Yule bwana aliniomba nimpitishe amwone, hata kama ni mlangoni tu.

Kanuni ilinitaka nikatae. Sikukataa. Nasema hivi mapema ili msidhani kosa langu ni ukatili. Nilitaka kutenda wema, na nilipiga hesabu yangu vizuri: tukifika saa saba na kuondoka saa nane, tutakuwa uwanjani kwa wakati. Nilimwambia ana saa moja. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kunishukuru sana, hata nikaona haya.

Tuliacha gari la ofisi Ndia Kuu tukaingia vichochoroni kwa miguu. Njiani alisema jambo la busara kuliko yote niliyoyasikia siku ile. Alisema akifika tu atamwambia mamake kwamba ana saa moja, ili mama ajue.

Mimi nikamkataza. Nilimwambia, "Kaka, mtu hafiki kwa mamake baada ya miaka yote hii akaanza kwa kuaga. Mwache afurahi kwanza. Utamwambia tukishakunywa kahawa."

Nilikuwa na uhakika na maneno yangu. Nyumbani kwetu, mgeni anayetaja safari yake kabla hajaketi huhesabiwa amekosa adabu, kama aliyekuja kuazima moto tu akaondoka. Mamangu alinifinya sikio mara nyingi kwa kosa hilo. Na yule bwana, ambaye kwa umri alikuwa mkubwa wangu sana, alinitii. Alisema ni kweli, amekaa kwa watu hata adabu za kwao zimemtoka. Nami nikaona fahari kidogo, Mdigo wa Likoni nikimfunza adabu mwana wa Mji wa Kale.

Alipiga hodi. Aliyefungua alikuwa mwanamke mfupi, leso mbili, miwani imefungwa kwa uzi. Alimtazama yule bwana kwa muda, kisha hakupiga ukelele wala nini. Alimshika uso, akaupapasa mashavuni na kwenye paji, kama anayetafuta kitu alichokiacha hapo. Halafu akalia, naye mwanawe akalia, na mimi nikawa natazama nakshi za mlango.

Kilio chenyewe hakikufika dakika tano. Alijifuta kwa leso, akanigeukia na kunikaribisha, akauliza habari za kwetu, za wazazi, za kazi. Kisha akasema, "Ketini. Mna ndaa nyinyi." Na akaenda jikoni.

Alikuwa peke yake nyumbani, maana mpwa wake anayekaa naye alikuwa kazini. Asubuhi alikuwa amenunua kipande cha nguru, akakitia chumvi na ndimu. Sasa alitaka kupika wali wa nazi wa kumfaa mtu aliyetoka mbali. Tulimsikia akivunja nazi, kisha akikuna, kru kru kru, bila kupumzika. Mwanawe akainuka kumfuata. Hakufika hata mlango wa jikoni. Alirudishwa kwa maneno makali ya mapenzi: ataachaje mgeni peke yake ukumbini, huko alikokwenda hawafunzwi watu kukaa na wageni wao? Akarudi, akaketi mbele yangu.

Mgeni mwenyewe ndiye mimi. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Sijui ni nani aliyepona kwa ujio wangu.

Basi tukakaa, mimi na yeye. Alizungumza sana. Nilikuwa nikiitikia, ehe, ndiyo, kweli kabisa, huku nikiinua mkono kidogo nione saa chini ya shati. Saa saba na robo, nazi bado inakunwa. Saa saba na nusu, moto umekolea na tui limechujwa. Saa nane kasoro kumi mama alikuwa anachagua mchele kwenye uteo, polepole, akitoa chenga na mawe, maana macho yake hayakuwa ya kuharakishwa. Kahawa haikuletwa. Alitaka tule kwanza.

Ilipofika saa nane nilimnong'oneza yule bwana kwamba tuondoke. Uso ulimbadilika. Alisema ataingia sasa amwambie. Hapo nikafanya kosa la pili. Niliogopa kilio, niliogopa jamaa na majirani kuja kumwona, niliogopa ndege. Nikamwambia anyamaze, niachie mimi.

Nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikasema, "Mama, twatoka kidogo. Kuna karatasi za bandarini za kutia sahihi. Twarudi sasa hivi."

Alikuwa ameinama juu ya sufuria. Alisema twende tu, tukirudi tutakuta kila kitu tayari. Mwanawe alinipita, akainama, akambusu mkono uliolowa tui. Mama akacheka, akamwuliza ni bandarini tu anakokwenda au ni Makka.

Njia nzima ya Makupa hadi uwanjani yule bwana alitazama nje ya dirisha. Nilizungumza mimi. Nilimweleza namna nilivyomwokoa na kilio, na kwamba mambo kama hayo ni bora yapite upesi. Ulimi hauna mfupa.

Tulifika kwa wakati, kama kawaida yangu. Tulipomaliza kupima mzigo likatoka tangazo kwamba ndege inayotoka Nairobi imechelewa, haitaondoka kabla ya saa mbili usiku. Yule bwana alinitazama. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba maji kwa watu asiowajua, kwamba tungeweza kurudi tukala.

Nilimwambia kanuni hairuhusu. Haikuwa kweli. Muhuri wa kutoka alikuwa bado hajapigiwa, na gari lilikuwa nje. Ningeweza kabisa. Lakini ningeingiaje tena nyumba ile, nikae mbele ya sinia, kisha nimwambie yule mama kwamba mara hii tunakwenda kweli? Niliona aibu. Nikaiita aibu yangu kanuni, nikakaa naye kwenye viti vya uwanjani saa nyingi, sisi wawili na njaa yetu.

Kabla ya kuingia ndani aliniachia neno. Alisema nikirudi mjini nipite kwa mamake, nimweleze ukweli, nimwombee radhi. "Hiyo ni amana," akasema. Nikamjibu insha'Allah.

Nilirudi mjini, nikapita barabara ya kuingilia Ndia Kuu bila kupunguza mwendo, nikaenda moja kwa moja Feri. Nilijiambia kwamba mama atakuwa amelala. Kesho yake nilijiambia kwamba ana hasira, nimwache zipoe. Wiki ya pili nikajiambia kwamba mwanawe ameshaandika barua, hakuna haja tena. Kabla ya hapo nilikuwa nikila mchana Mji wa Kale karibu kila siku. Niliacha. Nikiwa na haja ya kufika upande ule nilizunguka kwa Makadara. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliirefusha kwa miguu yangu mwenyewe.

Mabaharia wengine waliendelea kushuka na mimi kuwasafirisha. Hakuna aliyekosa ndege. Ila nilianza kuchukia sifa hiyo, na bosi wangu aliponisifu mbele ya wenzangu nilimjibu kwa ukali usiostahili, akashangaa.

Nilikwenda mwezi wa tatu tangu siku ile. Nilinunua halua, kisha nikaona halua ni kichekesho, lakini nilikuwa nayo mkononi tayari. Nilipiga hodi nikitumaini hayupo.

Alinijua mara moja. Alinikaribisha, akaniketisha kiti kile kile, akauliza habari za wazazi na za kazi. Hakukuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililonitoa jasho. Nikamweleza yote, kutoka ngazi ya meli hadi viti vya uwanjani. Nikamwambia kwamba mwanawe alitaka kumwambia ukweli tangu mlangoni na mimi ndiye niliyemkataza. Nikamwambia hata habari ya ndege iliyochelewa, ambayo ningeweza kuificha.

Alisikiliza mikono ikiwa juu ya magoti. Aliniambia kwamba barua ilikuja, na kwamba mwanawe hakunitaja kwa ubaya. Siku ile alifinika chakula hadi magharibi, kisha akawapa majirani. Kwenda kwake hakukumshangaza, alisema. Mtoto wa baharini ni wa kwenda. Kisha akaniuliza, "Mulipoingia, mulijua kwamba ni saa moja tu?"

Nikasema ndiyo, tulijua.

"Ningalijua ni saa moja, singaliwasha moto," akasema. "Ningalikaa."

 Nilikuwa nimekuja nikidhani dhambi yangu ni ule uwongo wa karatasi za bandarini. Kumbe niliitenda kabla hata hatujapiga hodi, nikiwa nimeridhika sana na adabu zangu.

Alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya leso, akaivaa tena. Akasema lililopita limepita. Ila kuna jambo moja alitaka nimsaidie. Ile saa mwanawe aliikaa na mimi hapa ukumbini, na yeye kule jikoni alikuwa akisikia sauti yake bila kusikia maneno, kwa ajili ya nazi na moto.

"Basi nambia," akasema. "Alikuwa akizungumza nini?"

Nilijitahidi. Nilimwona yule bwana mbele yangu, midomo ikienda, mikono ikieleza kitu kirefu, na mimi nikisema ehe, kweli kabisa. Niliikumbuka vizuri mishale ya saa yangu, robo, nusu, kasoro kumi. Neno lake hata moja sikulikumbuka.

Nikamwambia, "Alikuwa akikutaja wewe, mama."

Alivuta kiti chake karibu na changu, akanielekezea sikio.

"Akisemaje?" akauliza.