Arubaini ya Mwanangu

Binti yangu alipojifungua, kampuni yake ilimpa likizo ya uzazi na mshahara kamili, kwani sheria mpya ya kazi ilikuwa imeshatoka. Akaja nyumbani kwangu, hapa Maskati, kukaa arubaini yake. Mimi ndiye niliyemkanda kwa maji moto na kumpikia uji wa pilipili manga, na kila nikimtazama amelala mchana kutwa, mtoto ubavuni, roho ikiniuma. Ndiyo, nilimwonea wivu mwanangu mwenyewe! Nilipomzaa yeye, tajiri wangu alinipa siku kumi tu. Nikarudi dukani kuuza vitambaa, maziwa yakinichuruzika ndani ya abaya, na yeye yuko kwa bibi yake ananyweshwa maziwa ya kopo.

Siku moja, katikati ya kukandwa, akaanza kudeka.

"Mama, nimechoka kulala. Nnataka kurudi kazini."

Nikamkandamiza kiuno kwa taulo la moto mpaka akapiga ukelele.

"Lala hapo!" nikamwambia. "Siku kumi za mwanzo zilikuwa zako. Hizi zilobaki ni zangu."