Mama Leonsia na Mipilipili ya Bugandando

Huko Kamachumu, nchi ya Wahaya, kwenye migomba na kahawa ya baba yake, ndiko alikozaliwa Leonsia mwaka 1921. Mama yake alimfundisha sala, akamfundisha na kutandaza nyasi shambani, maana kwao ardhi haiachwi uchi. Alipofiwa na mume, bila mtoto, alivuka ziwa kuja kufundisha katekisimu, na mwaka 1969 akajiunga na kijiji cha ujamaa cha Bugandando, upande wa Sengerema.

Huko muuguzi alikuja kila Alhamisi kupima watoto, na akina mama walipanga foleni juani, hata kichaka hakuna. Septemba 1971 mtoto wa Teodora, mama mmoja wa pale kijijini, alizimia kwenye foleni ile, akafia mikononi mwa Leonsia. Leonsia alipiga magoti palepale: "Bwana, nipe kivuli, sitakuomba kingine." Wito wake ukawa huo. Aliomba misheni mbegu za mpilipili, ule mti wa kivuli usiopukutika, wenye matawi yanayoning'inia kama nywele zilizolowa, ambao ukishashika haubabaiki na kiangazi. Alizikuza kwenye makopo, na kiangazi kilichofuata akahamishia miche kumi na miwili kwenye mashimo marefu, akafunika udongo kwa nyasi kavu. Maji alimwaga mara moja kwa juma, mengi, mbali kidogo na shina, ili mizizi iyafuate chini.

Hapo ndipo alipojaribiwa. Kwa watu wa pale, kiwanja kizuri ni kilichofagiwa kikang'aa. Nyasi ni uchafu na nyumba ya nyoka. "Mama Leonsia," mwenyekiti Ng'washi alisema mkutanoni, "hapa si kwenye migomba yenu. Nyie Wahaya ukame mnausikia redioni tu!" Watu wakaangua kicheko. Leonsia naye akacheka. "Ndugu mwenyekiti, ardhi ikivuliwa nguo inaungua mgongo, hata ikiwa ya Usukuma." Wakampa hadi mvua za vuli: miti ikifa, aache kufundisha, arudi kwao.

Teodora hakulala. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, Mhoja, na kila jani likitikisika aliona nyoka. Adhuhuri moja akachukua kiberiti, akazichoma nyasi zote. Nyoka hakutoka hata mmoja. Miche ikabaki vijiti vyeusi. Leonsia alimkuta analia. "Mama, nifukuze, nimeua kivuli." "Inuka, mwanangu. Kalete nyasi nyingine." Akaleta, na tangu hapo wawili hao walimwagilia vijiti huku wanachekwa. Siku ya arobaini baada ya moto, kabla tone la mvua halijaanguka, vijiti kumi na kimoja vilichipua shinani.

Ukame wa mwaka 1974 ulikausha visima, ukaua kila mti uliofagiliwa shina. Mipilipili ilisimama kijani, imepita paa, na foleni ikahamia chini yake. Hakuna mtoto aliyezimia tena. Ng'washi alimleta mjukuu wake, akainama mbele ya wote. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwenyekiti. Redio inasemaje leo?"

Leonsia alilala katika Bwana Juma la Pasaka, 1980. Hadi leo wazazi huwalaza wagonjwa chini ya matawi yale na kumtaja kwa jina. Nawe mama usomaye, tujifunze kwake kungoja. Kumhofia mtoto si dhambi. Ila hofu hiyo, tafadhali, usiikabidhi kiberiti.